Madruidi walikosea kukataa kuandika?

Mwaka 58 KK, jemadari wa Roma Julius Caesar alipowashinda Wahelvetii, kabila mojawapo la Wagallia, watu wa kale wa eneo la Ufaransa ya leo na jirani zake, kambini mwao vilikutwa vibao vilivyoandikwa kwa herufi za Kigiriki. Majina yalikuwa yameorodheshwa: wenye uwezo wa kushika silaha peke yao, watoto, wazee na wanawake peke yao. Pamoja na makabila waliyofuatana nayo, Caesar anasema, walikuwa watu 368,000.

Naanza na vibao hivyo kwa sababu tumezoea kusikia kwamba Wagallia hawakujua kuandika. Walijua. Waliokataa ni madruidi, makuhani wao waliokuwa pia waamuzi na walimu, na walichokataa kuandika ni mafundisho yao. Mwanafunzi aliyahifadhi kichwani, wengine kwa miaka 20.

Caesar anakisia sababu mbili. Ya kwanza, hawakutaka elimu hiyo iwafikie watu wa kawaida. Hii siitetei hata kidogo. Ni kujilimbikizia mamlaka. Ya pili, waliona kwamba anayetegemea maandishi hulegeza kumbukumbu. Hapa wana hoja. Elimu ya kichwani humlazimu mwanafunzi akae miguuni pa mwalimu, na haichomwi moto wala kutekwa.

Lakini inahitaji watu walio hai. Roma haikuwa na haja ya kuchoma maktaba. Watawala Tiberius na Claudius waliwapiga marufuku madruidi, mnyororo wa walimu ukakatika, na mengi waliyofundisha yakapotea nao. Matokeo yake, habari za Wagallia tunazisoma kwa aliyewateka. Caesar anaandika kwamba walichoma watu wakiwa hai ndani ya masanamu makubwa ya fito. Huenda ni kweli, huenda alikuwa akihalalisha vita vyake. Upande wa pili haukuacha hata sentensi moja ya kujibu, na hilo linaniuma.

Mwaka 1897, huko Coligny, Ufaransa, vilifukuliwa vipande vya kalenda ya bronzi ya karne ya 2 BK. Herufi ni za Kilatini, maneno ni ya Kigallia. Miezi inafuata mwandamo, siku 29 au 30, na kila baada ya muda mwezi mmoja unaongezwa ili hesabu ilingane na jua. Pembeni ya kila siku pana kitundu cha kuchomekea kijiti. Hesabu nzito kama hiyo haikuzuka siku moja. Ilikuwa vichwani kwa vizazi, na tumeipata kwa sababu kuna mtu aliyekubali kuichonga.