Herufi V haioneshi kila kitu: apport-cli na ripoti za programu zilizoanguka

Faili lilikuwa na jina refu kama treni ya mizigo: _usr_lib_libreoffice_program_soffice.bin.1000.crash. Lilikuwa limekaa ndani ya /var/crash, kwenye kompyuta ya mhasibu wa ofisi moja ninayoihudumia, nami nilikuwa nyumbani, nimeingia kwa ssh, njia ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. LibreOffice ilikuwa imeanguka mara tatu asubuhi hiyo, kila mara akiwa ndani ya jedwali la mishahara. Aliponipigia simu alikuwa na swali moja tu: "Kaka, kuna kidirisha hapa kinaniuliza nitume ripoti. Nitume?"

Nikamwambia akifunge, aniachie mimi. Lakini jibu sikuwa nalo, na hata leo jibu langu lina "inategemea" nyingi kuliko ninavyopenda.

Tuanze na kinachotokea programu inapoanguka. Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux ulio kwenye kompyuta hiyo, ina chombo kinachoitwa Apport, kazi iliyoanzishwa na Martin Pitt na kuingia kwenye toleo la 6.10 mwaka 2006. Programu ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, kerneli, yaani kiini cha mfumo, huiua. Kabla maiti haijapoa, Apport huitwa kuja kuandika taarifa: paketi gani, toleo gani, inategemea paketi zipi, iliitwa kwa amri ipi, kerneli ipi inaendesha mashine. Kisha huambatanisha kitu kizito kuliko vyote hivyo, nakala ya kumbukumbu yote ya programu ilivyokuwa dakika ya mwisho. Ndani ya ripoti, sehemu hiyo inaitwa CoreDump. Vyote hufungwa kwenye faili moja. Ile mistari ya chini kwenye jina la faili ni mikwaju ya njia ya programu iliyobadilishwa, na 1000 ni namba ya mtumiaji. Usipoligusa, baada ya siku 7 mfumo hulifuta wenyewe.

Mwenye skrini huona kidirisha. Aliye kwenye terminali, yaani dirisha la kuandika amri, hutumia apport-cli. Unaipa jina la faili, nayo inakuuliza unataka nini kwa herufi moja: S kutuma, V kutazama ripoti, K kuiweka uitume baadaye au uihamishie kwingine, I kupuuza maanguko yote yajayo ya toleo hilo la programu, C kughairi.

Nakiri nina upendeleo: naipenda apport-cli kuliko kidirisha. Kidirisha humjia mtu akiwa na haraka, kazi imepotea, hasira imempanda. Atabonyeza chochote kitakachokiondoa. Terminali haimwamshi mtu. Unaiendea mwenyewe, ukiwa umekaa kwa utulivu wa kutaka kujua. Na ina K, herufi ambayo kwa mazingira yetu ni lulu. Kompyuta isiyo na intaneti, au iliyo kwenye bando la simu linalokata, inaweza kuandaa ripoti kwa apport-cli --save, ukalibeba faili kwenye flashi, ukalituma kutoka mashine nyingine kwa apport-cli -c. Kama ripoti inahitaji kivinjari na uko kwenye seva isiyo nacho, chombo kinakuandikia anwani uifungue popote ulipo. Hayo ni mambo madogo, lakini yalifikiriwa na mtu anayejua kwamba si kila kompyuta ina skrini na laini ya kudumu.

Hoja ya kutuma nayo ina nguvu kuliko wanavyodhani wale wanaozima Apport siku ya kwanza baada ya kusakinisha. Programu zinazosambazwa huwa zimeondolewa alama za utatuzi, yaani majina ya kazi (vipande vya programu vyenye jukumu lake) na mistari ya msimbo, ili ziwe nyepesi. Kwa hiyo ukijaribu kusoma mwenyewe mahali programu ilipofia, unapata anwani za namba na alama za kuuliza mbili mbili. Seva za wanaotunza Ubuntu zina alama hizo. Zikipata nakala ya kumbukumbu, zinaifungua, zinatafsiri namba kuwa majina, na fundi anaona kazi gani iliita ipi hadi ikaanguka. Bila nakala hiyo ni kama kumpeleka daktari barua inayosema mgonjwa aliumwa.

Kuna pia hoja ya wingi. Mwaka 2002 Steve Ballmer, akiwa mkuu wa Microsoft, aliwaandikia wateja kwamba ripoti za maanguko zilizokusanywa kutoka Windows zilionesha asilimia 20 ya kasoro zinasababisha asilimia 80 ya matatizo, na kwamba asilimia 1 tu ya kasoro inabeba nusu ya matatizo yote. Hilo hulioni kwa kungoja watu walalamike. Wanaolalamika ni wachache, na mara nyingi ni mafundi wenye mashine nzuri. Mhasibu wa kompyuta ya mtumba hatafungua akaunti ya Launchpad, tovuti ya kuripoti kasoro za Ubuntu, kueleza jedwali lake lilivyofungwa. Ripoti yake ikienda, basi na yeye amehesabiwa.

Nilikuwa nimefika hapo kimawazo, kidole kiko kwenye S, nikaona bora nianze na V.

V inakuonesha ripoti nzima, ukurasa baada ya ukurasa: orodha ya paketi, ramani ya kumbukumbu, mazingira. Unasoma, unaridhika kwamba hakuna siri. Halafu unafika kwenye CoreDump, na hapo panaandikwa tu kwamba ni data ya baineri. Basi. Yaani unaruhusiwa kukagua bahasha yote, muhuri, stempu, anwani, isipokuwa barua. Simlaumu aliyeandika chombo. Hakuna njia ya maana ya kuonesha mamia ya megabaiti za kumbukumbu kwenye terminali. Lakini mtu aliyebonyeza V na kusoma hadi mwisho ataamini amekagua, na kwa maoni yangu imani hiyo ni hatari kuliko kutokagua kabisa.

Kuna njia ya kuona, ila haimo kwenye zile herufi. Amri ya apport-unpack inalifungua faili na kuweka kila sehemu peke yake ndani ya folda. Nikafanya hivyo, nikapitisha strings, amri inayochomoa maandishi yanayosomeka ndani ya faili, juu ya CoreDump. Matokeo yalikuwa matupu kiasi: majina ya maktaba, vipande vya menyu. Nikakaribia kupumua. Ndipo nikakumbuka kwamba LibreOffice huhifadhi maandishi kwa baiti mbili kila herufi, ambayo strings ya kawaida huiruka. Nikarudia na -e l, chaguo la kusoma maandishi ya aina hiyo. Yakaanza kuporomoka: majina ya wafanyakazi, vyeo, namba za simu, mtu na mkopo wake. Yote yaliyokuwa wazi kwenye jedwali asubuhi ile, na mengine ya faili alilokuwa amelifunga kabla.

Hapo wapinzani wa kutuma wanapata sauti. Na hawazungumzii ndoto. Desemba 2013 jarida la Ujerumani Der Spiegel, likitumia nyaraka zilizotoka kwa Edward Snowden, liliripoti kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa linanasa ripoti za maanguko za Windows zikiwa njiani ili kujua udhaifu wa kompyuta linazozilenga. Septemba 2023 Microsoft yenyewe, ikieleza jinsi wadukuzi walivyopata ufunguo wa kutia saini uliowafungulia barua pepe za maafisa wa serikali ya Marekani, ilisema inaelekea ufunguo ulitorokea ndani ya nakala ya kumbukumbu ya mfumo ulioanguka Aprili 2021. Machi 2024 ikarekebisha maelezo: nakala yenye ufunguo huo haikuipata. Kwangu mimi marekebisho hayo hayapunguzi somo sana. Wahandisi wa kampuni ile waliiona hadithi hiyo inaingia akilini kiasi cha kuitangaza.

Chombo chenyewe nacho kimewahi kuwa mlango. Desemba 2016 mtafiti Donncha Ó Cearbhaill alionesha kwamba faili la ripoti lililotengenezwa kwa hila, likifunguliwa na mtumiaji, linaweza kuendesha msimbo wa mshambuliaji. Sehemu moja ya ripoti ilikuwa inasomwa kama msimbo wa Python badala ya kusomwa kama maandishi. Mwaka 2023 ikawa zamu ya apport-cli yenyewe. Pale ambapo msimamizi amewaruhusu watumiaji wa kawaida kuiendesha kwa sudo, amri inayoazima mamlaka ya msimamizi, kubonyeza V kulifungua ripoti ndani ya kisomaji cha less, na ndani ya less alama ya mshangao inaendesha amri yoyote, safari hii kwa mamlaka ya ruti, mtumiaji mkuu wa mashine. Ndiyo, V ile ile. Mei 2025 kampuni ya Qualys ikatangaza udhaifu wa mbio za muda (mshambuliaji kuwahi katikati ya hatua mbili za chombo) katika Apport na katika mwenzake wa kazi ile ile, systemd-coredump, ikaonesha jinsi heshi za manenosiri, yaani manenosiri yaliyofumbwa, zinavyoweza kuchotwa kutoka kwenye nakala ya kumbukumbu ya programu ya kukagua manenosiri. Yote yalizibwa. Ila chombo kinachoamka kwa mamlaka makubwa kila programu inapokufa, na kushika kumbukumbu yake, kitavutia wezi siku zote.

Kwa upande wangu kuna na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitangulia na yake mwaka 2019. Zote zina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Orodha ya mishahara ni taarifa binafsi hata ikiwa imejificha ndani ya faili la kiufundi, na sidhani kama kuna mfanyakazi wa ofisi ile aliyeombwa ridhaa mkopo wake usafiri.

Lakini nisiwapake Ubuntu matope wasiyostahili. Kwenye matoleo ya kawaida, yasiyo ya majaribio, ripoti ya kuanguka haiendi Launchpad. Inachukuliwa na huduma iitwayo whoopsie, iliyoingia na toleo la 12.04. Hiyo hutuma kwanza maelezo pamoja na alama ya anwani za pale programu ilipofia, bila kumbukumbu. Seva ikiwa imeshaiona alama hiyo kwa mtu mwingine, haiombi zaidi. Ikiwa ni ngeni, ndipo inaomba CoreDump. Na kwenye Launchpad, ripoti za maanguko huanza zikiwa zimefichwa, na nakala ya kumbukumbu huondolewa baada ya kutafsiriwa. Hizo ni tahadhari za watu wanaojua wanachoshika. Tatizo langu ni kwamba aliye mbele ya terminali hajui kama S yake ya leo itaombwa kumbukumbu au la. Anayejua ni seva.

Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ilichukua njia ninayoiona safi zaidi. Chombo chao, ABRT, kina ripoti ndogo ambayo haina kumbukumbu hata chembe: anwani, vitambulisho vya maktaba, toleo la paketi, basi. Inatosha kuhesabu na kutambua kasoro zinazorudiwa. Wale wa systemd, wenye ile systemd-coredump, wameenda mbali zaidi: amri yao coredumpctl inakuorodheshea maanguko na kukufungulia kitatuzi, programu ya kuchunguza zilipofia nyingine, lakini haitumi popote. Ukitaka kushirikisha mtu, fanya kwa mkono wako. Apport ingekuwa na herufi moja ya ziada, ya kutuma bila kumbukumbu, nusu ya makala hii isingeandikwa.

Kompyuta yangu mwenyewe natuma. Mchezo ukianguka, kicheza video kikianguka, S bila kufikiri mara mbili. Kivinjari hapana, kwa sababu ndani yake kuna benki. Kompyuta ya kazi ya mtu mwingine situmi, hata akiniruhusu kwa mdomo, maana anayeruhusu kwa kawaida si mwenye taarifa zilizomo.

Kwa hiyo ya mhasibu nilichagua njia ndefu. Nikafungua CoreDump ndani ya kitatuzi cha gdb hapo hapo kwenye mashine yake, nikaruhusu alama za utatuzi zipakuliwe kutoka debuginfod ya Ubuntu, seva inayozigawa. Zilikula data kuliko ambavyo ripoti yenyewe ingekula, na bando lilikuwa langu. Nikapata orodha ya miito, yaani kazi ipi iliita ipi, nikaisoma mstari kwa mstari nikifuta jina la faili lililojitokeza mara mbili, nikafungua ripoti ya kawaida Launchpad na kuibandika. Kisha nikafuta faili lile na ile folda.

Baada ya wiki kadhaa mtu alijibu, kwa adabu. Orodha peke yake haikumtosha. Aliomba nakala ya kumbukumbu, au jedwali lenyewe linalosababisha kuanguka. Nilijaribu kutengeneza jedwali la bandia lenye majina ya kubuni. Halikuanguka hata mara moja. Ripoti ikawekwa alama ya kutokamilika, na siku 60 zilipopita kimya, mfumo ukaifunga wenyewe na kuniletea barua pepe ya kunijulisha. Mhasibu siku hizi huhifadhi kazi yake kila baada ya safu mbili.