Kimbunga kikitangazwa kabla ya makabidhiano ya nyumba

Kule Florida, kimbunga hakihitaji kuigusa nyumba ili kikwamishe mauzo yake. Tahadhari ikishatolewa, kampuni za bima husimamisha bima mpya, na bila bima benki haitoi mkopo. Jua linaweza kuwa linawaka na hati ziko mezani, lakini hakuna kusaini. Dhoruba ikishapita, benki nyingi hutaka nyumba ikaguliwe tena kwanza. Mwaka 2024 kimbunga Helene kilitua Septemba 26, na watu hawajamaliza kuzoa tope, Milton kikatua Oktoba 9.

Mkataba unaotumika sana huko, ulioandaliwa na chama cha madalali na kile cha mawakili wa jimbo, unalijua hilo. Bima isipopatikana kwa sababu ya dhoruba, tarehe ya makabidhiano husogezwa hadi siku 7 baada ya kikwazo kuondoka. Kikwazo kikidumu zaidi ya siku 30 kupita tarehe ya makabidhiano, upande wowote unaweza kujitoa.

Wauzaji hulalamika kwamba mnunuzi aliyeanza kusita amefunguliwa mlango wa nyuma. Wana hoja, hasa yule anayetegemea fedha hizo hizo kulipia nyumba anayohamia. Ila mnunuzi naye anabanwa: riba aliyoahidiwa na benki ina tarehe ya mwisho, na kuiongezea muda mara nyingi hulipiwa. Pango la anakoishi huenda limekwisha, mizigo iko kwenye lori.

Nyumba ikiharibika, mzani unageuka. Muuzaji hutengeneza ikiwa gharama haizidi asilimia 1.5 ya bei. Kwa nyumba ya dola 400,000 hizo ni dola 6,000, na paa jipya peke yake linaweza kuzipita. Hapo mnunuzi ndiye anayechagua: aichukue ilivyo pamoja na asilimia hiyo 1.5 kutoka kwa muuzaji, au arudishiwe amana yake.

Mimi naona kusogeza tarehe ni haki, lakini siku 30 ni nyingi kwa mwenye nyumba nyingine inayomsubiri. Wakubaliane mapema muda mfupi zaidi, na waandike nani atalipia nyongeza ya muda wa riba, maana vinginevyo kila mmoja hubaki na hasara yake. Mnunuzi naye, akinunua kati ya Juni na Novemba, akate bima wiki ile ile anayosaini mkataba, asingoje wiki ya makabidhiano.