Sikuanguka darini, heri ningeanguka

Sikuanguka. Naomba nianze na hilo kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi ya dogo, msaidizi wangu wa kazi, eti fundi kadondoka toka darini kamwangukia mwenyekiti mapajani. Dogo muongo. Ningeanguka ningebebwa kwa heshima, watu wangenipa pole, mama angeniletea uji. Kilichonipata ni kibaya kuliko kuanguka, na kwa kuwa toleo la dogo limeshatoka Mwanga hapa Kigoma likafika mpaka Ujiji kabla hata sijavua zile nguo, leo natoa la kwangu. Ofisi siitaji. Mnaoijua nyamazeni.

Kazi ilikuwa ukumbi wa mikutano, projekta moja ya kuning'iniza, spika sita za darini, mixa ndogo, maiki za mezani na moja ile ya kubana kwenye kola, yenye kakisanduku ka kuvaa kiunoni. Toka meza ya mwenyekiti, kupanda ukuta, kupita darini mpaka kwenye projekta nilipima mita 22. Wa fani mnajua, HDMI, yaani waya wa kupeleka picha, ile ya kawaida ya shaba ikishavuka mita 15 hivi inaanza vituko, picha inakuja inakata, mara nyota nyota, mara imekasirika kabisa. Nikajifanya mtaalamu, nikaagiza waya wa faiba Kariakoo, mita 30, ukaja na basi, mwembamba kama kamba ya kiatu, na siku ulipofika niliutembeza kwa mafundi wenzangu pale Mwanga kama mtu aliyenunua gari.

Sasa waya wa faiba una tabia yake. Kichwa kimoja ndani kinageuza umeme kuwa mwanga, kichwa cha pili kinaupokea ule mwanga kinaurudisha kuwa umeme. Maana yake picha inakwenda upande mmoja tu, hairudi. Kichwa cha kwenye kompyuta kimeandikwa SOURCE, cha kwenye projekta kimeandikwa DISPLAY, na ukivigeuza hakuna cheche, hakuna moshi, hakuna kelele, ni giza tu. Nilikuwa najua. Nilishamfundisha dogo hilo somo wiki hiyo hiyo, tena kwa mbwembwe, nimekunja nne.

Halafu siku ya kuvuta, kwa akili zangu, nikasema dari la pale lina vumbi, ngoja nivilinde vichwa. Nikavifunga vyote viwili nailoni, juu nikazungusha selotepu nyeusi, vikapendeza, vikafanana kama kurwa na doto. Nikavuta. Bomba la ukutani limeshazibwa na plasta, trankingi imegandishwa, rangi imepigwa. Wakati wa kuchomeka nikachana ncha tu, selotepu nyingine nikaiacha.

Mmeshaelewa. Subirini, hapo bado hatujafika kwenye aibu.

Jumatano asubuhi, mkutano saa tatu, mimi na dogo tumeingia saa moja na nusu. Sauti iko safi. Nimejibana ile maiki kolani nazunguka ukumbi mzima moja mbili, moja mbili, dogo kwenye mixa ananyanyua kidole gumba. Nikawasha picha. Skrini bluu, katikati hako kamaandishi ka kukwambia hakuna kinachoingia. Nikabonyeza Windows na P, vile vitufe vya kuirusha picha kwenye projekta, wapi. Nikabadilisha laptopu, wapi. Nikachukua waya mfupi wa shaba wa mita moja na nusu, nikapanda ngazi na laptopu kwapani, nikachomeka moja kwa moja kwenye projekta, picha hiyo hapo, inang'aa kama bati jipya. Kwa hiyo mgonjwa ni waya. Nikajua panya, maana faiba ikikunjwa vibaya au ikiguguniwa ndiyo basi tena. Nikamwambia dogo chukua boda kimbia gheto, kuna waya mwingine wa picha, ule wa zamani wa VGA, chini ya kitanda, tuuburuze hata sakafuni. Mimi nikapanda darini kutafuta alipong'ata panya.

Na maiki kolani.

Dari za Kigoma sijui niwaelezeje nyie wa mikoa mingine. Juu bati, chini gipsamu, katikati wewe. Jua halijakaza bado lakini mle ndani tayari ni kama kwenye oveni ya mikate, kinyesi cha popo kimejaa, harufu inakuingia mpaka kwenye meno. Natambaa juu ya mbao kwa magoti, tochi nimeiuma mdomoni, nauandama waya kidole kwa kidole. Hakuna kidonda. Nikafika juu ya projekta, nikaivuta ile ncha yake ikapanda kwangu kwa lile tundu la bomba, na sijui malaika gani akaniambia toa hiyo selotepu. Nikaitoa. Nikamulika. S. Nikatoa nyingine. O. U.

Sikuendelea. Nilijilaza ubavu pale pale juu ya mbao.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo dogo hakuwepo na hajui kitu.

Huku chini nasikia viti vinaburuzwa. Akilini najua ni wale akina mama wa usafi. Kumbe saa mbili na dakika arobaini, wageni wamewahi, wapo kama arobaini, wameshika chupa zao za maji, na mbele kakaa mwenyekiti na suti yake ya kijivu. Mimi huko juu nimeanza kuongea peke yangu. Mwenye kazi za mikono ataelewa, ukikosea ukiwa peke yako lazima umwambie mtu, na mtu aliyepo ni wewe.

Nikasema, "Yaani wewe, wewe kweli ni fundi? Umeugeuza. Mzee mzima na ndevu zako umeugeuza waya."

Nikasikia kama kuna mtu anasema maneno yale yale. Sauti nzito, nzuri, inatokea chini ya tumbo langu. Nikapuuza. Nikaendelea, na jamani hiki ndicho kipande ambacho hata sasa nikiandika masikio yanachemka, nikasema, "Tulia. Tulia baba. Hawa hawajui. Waambie waya umekufa, umefika mbovu toka Dar, wanunue mwingine. Huyo mzee anapenda risiti, risiti si zipo? Utamuandikia."

Kimya. Viti vimeacha kuburuzwa. Na ile sauti nzito ikamalizia, utamuandikia.

Hapo nikajua kuna mjinga ananiigiza. Nikakasirika kweli. Nikakaza shingo, nikapaza, "Nani huyo ananiigiza? Pumbavu!"

Pumbavu, ukumbi ukaitika, spika zote sita.

Wafuasi wangu nawaapia bado sikuelewa. Mtu mwenye akili timamu angeelewa. Mimi nikainama nisikie vizuri yule mtu yuko wapi, nikasogeza sikio kwenye mgongo wa spika iliyokuwa karibu na goti langu, na nikisogeza sikio na kola inasogea, na kwenye kola kuna nini? Ikaanza. Uuuuuuiiiiii. Ule mluzi wa sauti kutoka spikani kuingia kwenye maiki, kurudi spikani, kuingia tena, kila mzunguko inanenepa. Na popo nao, ambao muda wote walikuwa wamelala kistaarabu, wakaamka kwa pamoja, mmoja akanipiga usoni, nikapiga yowe.

Nilisema, "MAMA NAKUFA."

Kwa spika za darini, ukumbi mpya, ambao nilichagua mwenyewe spika zienee vizuri ili hata wa nyuma asikie kila neno. Alisikia.

Mkono ukaenda kiunoni wenyewe, ukashika kile kikisanduku, nikaona kitaa cha kijani kinanitazama. Nikazima. Basi ukaja ukimya, sijawahi kusikia ukimya kama ule, hata feni za mle ukumbini zilikuwa na adabu. Halafu chini kabisa, bila maiki, mwenyekiti akakohoa, akasema pole pole kama mtu anayemsemesha mtoto aliyeko juu ya mti:

"Fundi. Tumekusikia. Hebu shuka utuambie, huo waya hasa ni shilingi ngapi?"

Kushuka nako. Ngazi walikuwa wameisogeza pembeni wapange viti. Nikatanguliza miguu kwenye lile tundu kama ninavyofanya siku zote, miguu ikatafuta ngazi, haipo, nikabaki nimening'inia kiunoni, nusu ofisini nusu kwa popo, soksi moja ina tundu, na watu arobaini wanaitazama. Mama mmoja nyuma akasema kwa huruma, mleteeni ngazi mwenzenu. Hapo ndipo dogo aliporudi na VGA yake mkononi, akakuta hiyo picha ya miguu, na ndiyo akaitungia hadithi ya kuanguka. Nikamwambia asante kwa kunihifadhi lakini siyo hivyo.

Nilisema ukweli. Ningesema nini kingine, mashahidi arobaini. Nikasema mzee shikamoo, waya ni mzima, nimeugeuza mimi. Akaitikia marahaba, watu wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Mzee yeye hakucheka, akavua miwani, akasema kumbe Wajerumani walituletea meli ya Liemba hapa imefungwa kwenye masanduku 5,000, imetoka Ujerumani, imeshushwa Dar, ikaja na reli, ikaunganishwa hapo ziwani na ikaelea. Masanduku 5,000 fundi. Wewe umepewa waya una ncha mbili.

Sikuwa na jibu. Nina jibu sasa, kwamba hao hao Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 na ikakaa majini mpaka Waingereza walipoiibua 1924, lakini jibu zuri linakuja siku tatu baadaye wakati umelala.

Mkutano ulifanyika. Projekta tuliishusha tukaiweka mezani juu ya katoni ya maji na rimu mbili za karatasi, waya ule mfupi wa shaba, picha imepinda kidogo upande wa kushoto, nikainyoosha kwa rimoti, basi. Sauti ilikuwa nzuri, wote walikiri sauti nzuri. Jumamosi tukarudi, tukabomoa plasta, tukauvuta upya kwa gharama zangu, safari hii nailoni nyeupe upande mmoja na nyeusi upande mwingine na dogo kaandika kwa maka pen kubwa HUKU KOMPYUTA, kanipita huku anakohoa kohoa. Hela wamelipa yote. Risiti mzee kazikagua moja moja, ya waya aliishika juu ya dirisha kwenye mwanga.

Sasa nikipita kijiweni kwa bodaboda wananiita Sosi. Hata muuza migebuka wa Kibirizi, ambaye hajui HDMI ni nini, ananiuliza Sosi leo nikukatie upande gani, wa kichwa au wa mkia, usije ukageuza.

Jana jioni kapiga simu mwalimu mmoja, wana darasa wanataka projekta na spika. Tukaongea vizuri, tukapatana bei, nikajua huyu hajasikia. Kabla hajakata akauliza, samahani fundi, ni wewe yule wa darini? Nikanyamaza kidogo, nikasema ndiyo mwalimu, ni mimi. Akasema hamna shida, njoo Jumatatu, ila maiki nitakushikia mimi.