Kadi Baridi Kuliko Zote Kansanga

Nimeisikia ile sauti jirani yangu aliyoirekodi na kuisambaza kuhusu mimi na kadi yangu mpya ya kompyuta. Dada yangu aliyeko Mombasa kaipata, mwenye nyumba kaipata, na muuza rolex (chapati ya mayai) wa hapa kona, ambaye hajui kadi ya michoro, kile kifaa kinachochora picha za magemu kwenye skrini, ni mnyama gani, kaniuliza huku akipindua mayai, "Boss, ile waya ilipata mahali pake?" Basi. Jirani yangu wa Bukavu amemaliza kazi yake, sasa mniachie na mimi. Mengi aliyosema ni kweli, isipokuwa hilo la kwamba nilimpigia mzee wa duka magoti nikiomba pesa zirudi. Magoti yalifika chini, sikatai. Nilikuwa naokota kitu. Tutafika.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ndiye Bwana Subirini. Mwaka 2021, wachimba sarafu za mtandaoni walipomaliza kadi zote sokoni, niliwaambia subirini. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ikaacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, nikasema subirini kidogo tena, mitumba itafurika. Ikafurika, nikasema msiguse, hizo zimekeshwa hadi zimechoka. Kadi ya RTX 4060 ikatoka Juni 2023 kwa dola 299, nikauliza GB 8 za kumbukumbu ni za nini wakati 3060 ya 2021 ilikuwa na 12. Mei 2025 ikaja 5060, dola 299 zilezile, GB 8 zilezile, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kuna vijana humu walikuwa na pesa mkononi nikawazuia. Najua mpo. Tulieni, zamu yenu inakuja.

Mimi mwenyewe nilikuwa na GTX 1060 ya GB 6, toleo la 2016, niliyoinunua mtumba. Nilipokuwa Ntinda, hapa Kampala, ilikuwa ikinitosha kabisa. Nikahamia Kansanga, na hapo ndipo mambo yakaanza kuwa mazito. Counter-Strike 2 ikawa inajikokota, fremu 25 kwa sekunde, mara 30, adui ananiua halafu ndiyo namwona anatokea mlangoni. Gemu la mpira nalo, kipa anaruka kwa awamu. Nikasema ndiyo dunia, magemu yanaongezeka uzito na kadi inazeeka.

Lakini kulikuwa na sifa moja niliyoitangaza kila mahali. Kadi yangu ilikuwa haipati joto. Nyuzi 38, saa nzima ya kucheza, feni hazizunguki hata kidogo. Niliweka picha hapa, bado ipo, na baadhi yenu mliipenda na kuniuliza siri. Nikawaeleza, tena kwa aya ndefu, kwamba nimeipunguzia volti kwa ustadi na kwamba dirisha langu linapokea upepo wa ziwa. Nikaongeza kwamba hata yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, siku hizi zinadumu. Mtu mmoja alikomenti "mwalimu". Sijaifuta komenti hiyo kwa sababu kuifuta nako kutaonekana.

Kilichonivunja msimamo ni habari za chipu za kumbukumbu. Watengenezaji wake, Samsung, SK Hynix na Micron, wamegeuza uso kuelekea vituo vya data vya akili unde, bei za chipu zikapaa, na Desemba 2025 Micron wakatangaza kwamba wanaachana na Crucial, bidhaa zao za sisi watu wa kawaida. Nikaanza kukosa usingizi. Nikisubiri, bei itapanda. Nikinunua, kesho watatoa nyingine. Wapo waliokuwa wanaingoja GTA VI ndipo wanunue, nikawakumbusha kwamba imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, kompyuta haikutajwa. Usiku mzima nasoma. 5060 inakula wati 145, 4060 inakula 115, na 1060 yangu ilikuwa 120, kwa hiyo pawa saplai yangu itaibeba 4060 bila kununua nyingine. Lakini 4060 inatumia njia nane tu za PCIe, ule mlango unaoiunganisha kadi na ubao mama, na ubao mama wangu wa 2018 ni wa PCIe kizazi cha tatu, je, haitabanwa? Nilimchorea jirani mchoro wa njia nane na njia kumi na sita nyuma ya risiti ya sapamaketi. Mkumbuke mchoro huo mtakapofika mbele. Mtu aliyeuchora ndiye mimi.

Nikanunua 4060. Shilingi za Uganda milioni moja na laki nne na nusu, kwenye duka la mzee mmoja, Msomali wa Kisenyi, ndevu za hina, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Ile 1060 nikamuuzia jirani kwa laki mbili na nusu, kwa bei ya ujirani, na nasaha juu yake: "Usiitegemee sana, ndugu yangu, imeshachoka."

Nikaifunga kadi mpya. Nikawasha. Fremu 28.

Sikuogopa. Nikafuta madereva nikaweka upya. 28. Nikaweka Windows upya. 27. Nikafungua dirisha upepo uingie. Wakati huohuo, kupitia ukutani, nasikia jirani anapiga risasi na kushangilia kwa Kifaransa. Akaja kugonga, jasho linamtoka. "Mukubwa, hii kadi ni ya nguvu! Lakini mbona kwangu iko na moto, feni zinapiga kelele? Kwako ulisemaka iko baridi."

Nikamjibu kwamba kadi inajua mkono wa mwenyewe. Nilisema hivyo. Kwa sauti ya upole, kama daktari.

Kisha nikamtangazia kwamba nimeuziwa feki. Na si uvumi, jambo hili lipo: kuna watu wanachukua kadi kongwe, wanaichoma BIOS (programu yake ya ndani) ya uongo, kompyuta inaisoma kuwa mpya. Jirani akakasirika kwa niaba yangu, akasema twende wote, mashahidi ni muhimu. Boda akatupakia mshikaki, mimi katikati nimekumbatia kasha la kompyuta, mpaka katikati ya mji. Boda naye alipojua tunakwenda kugombana akazima pikipiki, akapanda ngazi pamoja nasi.

Dukani kulikuwa kumejaa. Wanafunzi wenye laptopu zilizovunjika bawaba, mama mmoja na printa, kijana mwenye ukulele ambaye mpaka leo sijui alifuata nini. Ningeweza kumsalimu mzee, tukakaa pembeni. Nikachagua kusimama katikati. "Assalaam aleikum," nikasema, halafu bila kungoja jibu, "mzee, mtu mzima kama wewe unaniuzia kadi feki?"

Duka likanyamaza. Mzee akaweka chini kikombe cha chai. "Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tuione."

Akamwita fundi wake, binti mdogo kabisa, umri wa mdogo wangu wa mwisho, bisibisi imechomekwa kwenye kilemba. Binti akachukua waya wa skrini ili achomeke. Na hapa, wapendwa, kama ningemwacha tu, kadi ingewaka, tungecheka, ningerudi nyumbani nikiwa mtu. Nikamnyang'anya waya. "Acha, dada. Nyinyi mafundi mna ujanja wenu. Nitachomeka mimi mwenyewe, vilevile ninavyochomeka nyumbani."

Nikachomeka. Tena kwa mkono mmoja, bila kuangalia, nikiwa nimegeukia watu.

Skrini ikawaka. Nikafungua gemu. Nikaigeuza skrini hadhira yote ione ile namba ya pembeni: 28. "Mmeona? Milioni na laki nne na nusu!" Boda akapiga kelele, "Feki hiyo! Mzee, rudisha pesa ya watu!" Mama wa printa akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana yeye hanunui vitu mjini. Jirani yangu akatoa simu kuanza kurekodi, kwa nia njema wakati huo. Nilijisikia wakili. Nikaanza hata kuwaelezea njia nane za PCIe.

Binti hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kasha, tochi ya simu mkononi, ametulia kama mtu anayetafuta hereni. Akaangalia. Akaniangalia. Akaangalia tena.

"Ssebo," yaani bwana, akasema taratibu, kwa adabu ambayo iliniumiza kuliko tusi, "njoo uone."

Nikainama. Nyuma ya kompyuta, juu, kwenye ubao mama, karibu na matundu ya kibodi, ndipo waya wangu ulipokaa kwa raha zake. Chini zaidi, kimelala mlalo, kisahani cha chuma cha 4060 mpya inayong'aa. Na katika matundu yake, yote, bado mlikuwa na vile vizibo vyeusi vya mpira vinavyotoka navyo kiwandani. Havijaguswa. Vilikuwa na vumbi la Kansanga tayari.

Akachomoa kimoja kwa ncha ya ukucha. Akakiweka kwenye kiganja changu. "Hii kadi, umeitumia lini?"

Nikasema, "Kila siku."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Kizibo kikanidondoka kikabingirika chini ya meza, na hapo ndipo nilipopiga magoti. Lazima kiokotwe, ni mali ya kadi. Pia, chini ya ile meza ndipo mahali pekee katika duka lile ambapo uso wangu haukuonekana. Nikakaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Nikamsikia binti anachomoa waya, anauchomeka chini, tik. Nikasikia gemu linafunguka. Nikasikia kijana wa ukulele anasema, "Weee." Namba ilikuwa imepita 100 na bado inapanda. Nikasikia feni za kadi, kwa mara ya kwanza, zikizunguka.

Na ni huko chini ya meza, kizibo mkononi, ndipo akili yangu ilipofika safari yake. Nilipohamia Kansanga niliunganisha kompyuta usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa tochi ya simu. Nilichomeka waya kwenye tundu la kwanza lililokubali. Tangu siku hiyo nilikuwa nachezea ile chipu ndogo ya picha iliyomo ndani ya prosesa, na 1060 imekaa tu, hailipi kodi. Nyuzi 38. Feni zimetulia. Yuniti za Yaka zinadumu. Upepo wa ziwa.

Yaani ile 1060 haikuwa imechoka. Haikuwa imeanza kazi.

Jirani naye alikuwa amefika pale pale nilipofika, tena mapema kidogo. Nikamsikia juu yangu, simu bado inarekodi: "Mukubwa. Kwa hiyo ile uliniuzishia…" Hakumaliza, alikuwa anacheka mpaka anashikilia meza.

Mengine harakaharaka. Nilimwomba mzee radhi mbele ya watu wote, akanipa chai. Pesa hakurudisha, kwa sababu kadi si mbovu na boksi limefunguliwa, na binti akaniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, CHINI, na mshale. Boda akatutoza na muda wa kusubiri. Kwa wale niliowazuia msinunue: dua zenu zimefika, mnaweza kuacha sasa. Na kabla hujaniuliza inbox kama ubadilishe kadi au usubiri, niandikie kwanza waya wako umechomekwa wapi.

Juzi nikabisha hodi kwa jirani. Nikapiga hesabu: nikipata ile 1060 yangu, hii 4060 naiuza bado mpya, navuta mwaka mwingine. Nikamweka sawa, nikasema ninamrudishia laki mbili na nusu zake, na soda juu.

Akaegemea mlango. "Laki ine, mukubwa."

"Ndugu yangu! Kadi ya mwaka 2016?"

"Iko na kumbukumbu GB 6," akasema, "na kumbukumbu zimepanda bei dunia muzima. Ni weye mwenyewe ulinifundishaka." Akatoa na ile risiti ya sapamaketi yenye mchoro wangu, anionyeshe kwamba 1060 ina njia zote kumi na sita.