Danguro linaanzia kwa mtu wa pili

Mwandishi mmoja kasema Uingereza kujiuza si kosa ila danguro ni kosa, akaishia hapo. Utamu wa habari aliuacha! Mwanamke akifanya kazi hiyo peke yake kwenye chumba alichopanga, hilo si danguro. Akimkaribisha mwenzake wa kazi hiyo wachangie kodi ili wasiwe peke yao usiku, tayari ni danguro, hata kama wanapokezana funguo, huyu Jumatatu yule Jumanne. Lakini kila chumba kikiwa na mlango wake na mkataba wake, mahakama imewahi kusema si danguro. Mwenye nyumba akijua akanyamaza, sheria ya makosa ya kingono ya 1956 inamgusa naye. Sasa hapo nani kalindwa, jamani?