Mwacheni Stanley Apumzike

Kila ikifika Agosti 22, wapenzi wa historia ya Uingereza huanza matanga ya Richard wa Tatu. Ati mfalme wa mwisho kufa vitani, ati kasalitiwa kwenye vita vya Bosworth mwaka 1485. Tangu mifupa yake ichimbuliwe chini ya maegesho ya magari kule Leicester mwaka 2012, kilio ndiyo kimezidi, na kwenye msiba hakukosi mchawi. Wao mchawi wao ni Thomas Stanley, kabaila aliyekaa kando na jeshi lake siku hiyo huku ndugu yake akimshambulia Richard. Ndumilakuwili, bendera, mnafiki. Nimechoka.

Hebu tuulizane: alimsaliti nani hasa? Alirithi ukabaila wa baba yake mwaka 1459, Vita vya Waridi, vile vya koo za Lancaster na York kugombea kiti cha enzi, vikiwa vimeshawaka. Mwaka huohuo Malkia Margaret, mke wa Mfalme Henry wa Sita wa Lancaster, akamwita vitani Blore Heath. Akaenda na watu wapatao 2,000, akapiga kambi maili chache kando, na mapigano yakaisha yeye hajarusha hata mshale. Ndugu yake William alikuwa upande wa pili, kwa York. Bunge likataka ashtakiwe kwa uhaini, mfalme akakataa. Baada ya hapo akamtumikia Edward wa Nne wa York aliyemwondoa Henry huyo, Henry aliporudishwa akawa naye, Edward aliporudi akawa naye tena. Viapo vyote hivyo angevitimizaje, ajigawe mapande? Shemeji yake Warwick, yule mnayemsifu kwa kuweka na kuondoa wafalme, alifia Barnet mwaka 1471. Shujaa kweli. Sawa, kazikeni mashujaa.

Sasa njooni kwa huyo Richard wenu. Juni 1483, kwenye kikao cha baraza ndani ya Mnara wa London, aliwageuka wenzake. Hastings, mmoja wa wanabaraza hao, akakatwa kichwa siku hiyohiyo bila kesi, Stanley akatiwa ndani. Wiki chache baadaye, Richard akitawazwa kwenye kiti alichompoka mtoto wa kaka yake, huyohuyo Stanley yumo kwenye maandamano amebeba rungu la heshima, na mkewe Margaret Beaufort ameshika mkia wa joho la malkia. Margaret ni mama yake Henry Tudor, adui mkubwa wa mfalme, aliyekitaka kiti hicho. Jaribuni kulala usingizi katika nyumba kama hiyo.

Ikaja 1485. Stanley akaomba ruhusa ya kwenda kwao Lancashire. Richard akasema nenda, ila mwanao George abaki. Rehani. Henry Tudor alipotua Wales na jeshi, Stanley akaitwa, akajibu anaumwa ule ugonjwa wa jasho, homa ya kuua ya zama hizo. (Ndiyo, hata mimi nilicheka.) George akajaribu kutoroka, akakamatwa, akakiri kwamba ami yake William yumo kwenye njama, kisha akamwandikia baba yake aje haraka na jeshi. Msomeni tena kijana yule: shingo yake imo mkononi mwa mfalme na kalamu imo mkononi mwake. Halafu mnasema Stanley alikuwa anadaiwa uaminifu! Anayemshika mwanangu shingo hana cha kunidai, awe mfalme au nani.

Na asubuhi ya vita Richard aliamuru George akatwe kichwa. Waliopewa kazi hiyo wakaona mambo hayajaeleweka, wakaiahirisha. Yaani hata wanyongaji wa Richard walikuwa wanapima upepo! Mbona hao hamuwatukani? William akaingia na watu wake upande wa Henry, Richard akauawa, George akapona, na Oktoba, Henry akiwa sasa mfalme, baba yake akapandishwa cheo kuwa Earl wa Derby.

Haya, kuna moja nitalikubali, shingo upande. Februari 1495 Henry huyohuyo aliyeokolewa na upanga wa William alimkata William kichwa, kwa tuhuma za kumuunga mkono Perkin Warbeck, mtu aliyejidai ni mwana wa mfalme ili akitwae kiti. Kiangazi cha mwaka huo mfalme akafika Lathom, kwa Stanley, kama mgeni, na Thomas akamkaribisha nyumbani, akamlisha. Miaka tisa baadaye akafa kifo cha kawaida. Mkitaka kumshitaki Stanley, mshitakini kwa damu ya William. Hapo sitanyanyua mdomo.