Mbona hakukimbia?

Hapa Columbus, Ohio, mechi za Jumamosi za futiboli ya Kimarekani mara nyingi huanza saa sita mchana, na haifiki saa saba kabla mtu hajaitwa mvivu sebuleni kwa rafiki yangu wa Uvira. Mvivu huyo hawi mmoja wetu, ingawa sisi ndio tuliojilaza kwenye makochi tangu asubuhi na sahani za sambusa vifuani. Huwa ni kijana wa miaka 20 aliyetoka kukimbia yadi 45, akanyoosha mikono, na mpira ukaanguka hatua mbili mbele yake.

"Ule mutoto alisimama!" husema mwenye nyumba.

"Hakusimama, kaka. Mpira umepitiliza."

Chai inapoa hapo, na ubishi unaendelea hadi mapumziko.

Mimi nimekulia Tanga, mji wa Coastal Union na African Sports, na nilipofika huku mpira nilioujua ni mmoja tu. Futiboli ya Kimarekani niliiona ni watu waliovaa kofia ngumu wanaogongana, wanapumzika, wanagongana tena. Kilichonivuta ni pasi ndefu. Kwa asiyefuatilia, timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, kwenye uwanja wa yadi 100. Unaweza kusogea kidogo kidogo kwa kubeba mpira na kujitumbukiza kwenye msitu wa miili. Au mrushaji, ambaye wenyewe humwita kwotabeki, anaweza kuurusha mbali kwa mpokeaji aliyechomoka pembeni kama winga. Ni pasi mpenyezo ileile ya kwetu, ila inapita angani, kwa mkono, na aliyeipiga ana sekunde mbili tatu kabla ya kufunikwa na watu wenye kilo 130 kila mmoja.

Mwaka juzi niliwachukua watoto wa mwenye nyumba wangu wa Jumamosi tukaenda kwenye bustani ya jirani na mpira. Nikamwambia mkubwa akimbie, nitamrushia. Kila nilichorusha kiliangukia nyuma yake, na yeye alilazimika kusimama, kugeuka na kurudi. Baada ya mara ya sita akaniuliza kwa upole, "Anko, mbona unaningoja?" Na kweli nilikuwa namngoja. Nilitaka kwanza nimwone amepita mti fulani ndipo niuachie. Nikiuachia, yeye keshafika mbali.

Wanaojua kazi hii hawamngojei mtu. Chukua mfano wa Chris Olave, aliyewahi kupokea hapa Ohio State, timu ya chuo kikuu cha mji wetu. Kwenye majaribio ya wanaoingia ligi ya kulipwa mwaka 2022 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.39, yaani kama yadi tisa kwa kila sekunde, na hapo ameanzia kwa kusimama. Mpira wa mbali hukaa angani zaidi ya sekunde mbili. Kwa hiyo mrushaji anaulenga kwenye kipande cha majani kisicho na mtu, kwa kuamini kwamba mtu atafika. Beki akimsukuma mpokeaji mwanzoni akamchelewesha nusu sekunde tu, kijana huyo atakuwa yadi nne nyuma ya miadi yake. Anaweza kukimbia kufa na kupona na bado mpira ukampita kwa urefu wa mkono. Sisi makochini tunaona nini? Mtu ambaye hakufika.

Na hatuoni zaidi ya hapo kwa sababu kamera za runinga zinafuata mpira. Mpira ukiwa mikononi mwa mrushaji, wapokeaji wamekwisha kutoka kwenye picha. Wanarudi kuonekana pale mpira unaposhuka. Kule kusukumwa, kujikwaa, kubadili njia baada ya kumwona beki amekaa vibaya, vyote vimefanyika gizani. Tumeingia sinemani dakika ya mwisho, na tunamjua mwizi.

Siku moja tu ndiyo nimeiona kazi yote kwa macho yangu. Bosi wa rafiki yangu alikuwa na tiketi ya ziada, nikapanda hadi safu za juu kabisa za Ohio Stadium, uwanja wa mwaka 1922 wenye umbo la kiatu cha farasi, unaobeba watu zaidi ya 100,000. Ni juu mno, wachezaji wanakuwa kama kete za bao. Lakini kutoka kule unawaona wote 22. Nikamkazia macho mpokeaji mmoja wa pembeni. Jaribio la kwanza alichomoka kama anakimbizwa na nyuki, yadi 30 hivi, akamburuta beki wa mwisho kwenda naye, na upande wa pili mwenzake akabaki peke yake kama mkwe asiyetakiwa. Mpira ukaenda kwa yule wa pili. Uwanja ukalipuka. Huyu wangu akageuka na kurudi taratibu, hakuna aliyempigia kofi. Jaribio lililofuata mpira ulibebwa kuelekea upande mwingine, na kijana yuleyule akatembea hatua nne, akashika kiuno, akatazama.

Bidii na uvivu wa mtu mmoja, ndani ya dakika moja, na runinga isingenionyesha hata kimoja.

Tangu siku hiyo ninashikilia kwamba ukitaka kujua kama mpokeaji anajituma, usimtazame mpira unapokwenda kwake. Pale kila mtu hukimbia. Kuna sifa, kuna kamera, kuna mama nyumbani. Mtazame mpira unapokwenda kwa wengine. Je, anamzuia beki ili mwenzake apite? Anakimbia njia yake hadi mwisho huku akijua hatapewa? Kocha anaona haya kwenye mkanda wake wa Jumapili, ndiyo maana mara nyingi anampanga mtu tunayemzomea na kumweka benchi tunayemshangilia, nasi tunadhani kocha ni kipofu.

Mwenye nyumba wangu ana jibu moja ambalo huwa analitoa kama karata ya turufu: "Na ile ya Clemson?"

Ile ya Clemson ni ya tarehe 28 Desemba 2019, nusu fainali ya taifa ya vyuo, dhidi ya chuo cha Clemson, kule Glendale, Arizona. Ohio State walikuwa wameongoza 16-0, wakapitwa, na dakika ya mwisho walikuwa nyuma 29-23. Wana mpira karibu na lango la Clemson. Mguso mmoja, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho kwa pointi sita, na teke lake la pointi moja, wanakwenda fainali. Justin Fields, ambaye msimu mzima alikuwa amerusha pasi 41 za mguso, aliangalia katikati na kuurusha kwenye eneo la mwisho, mahali Olave alipotakiwa kuwepo. Olave hakuwepo. Alikuwa amekata njia yake na kugeuka. Nolan Turner wa Clemson akaudaka bila kusumbuliwa, zikiwa zimebaki sekunde 37.

Hapa Columbus ilikuwa inakaribia usiku wa manane. Nakumbuka hakuna aliyezima runinga wala aliyesema neno. Kisha mtu akasema neno, na lilikuwa lile lile: alisimama!

Ni kweli alisimama. Hilo silibishi. Lakini kwa nini? Olave mwenyewe alieleza baadaye kwamba alidhani Fields ameshaanza kukimbia na mpira. Na mrushaji akianza kukimbia, wapokeaji wana kanuni zao: ramani ya mwanzo imekufa, kila mtu ajitafutie nafasi mpya mahali anapoweza kuonekana. Olave alifuata kanuni sahihi kwa wakati usio sahihi. Fields alifuata ramani. Wawili walikuwa wanasoma kurasa tofauti za kitabu kimoja, kwa muda usiotosha kupiga chafya. Ukiita hilo uvivu, basi hata dereva aliyefunga breki akidhani taa ni nyekundu ni mvivu.

Tarehe 1 Januari 2021, kule New Orleans, timu hizohizo zikakutana tena kwenye nusu fainali. Fields aligongwa mbavuni hadi akajikunja chini, akarudi, akarusha pasi sita za mguso. Mbili zilikwenda kwa Olave, moja ya yadi 56. Mpira ulimkuta anakimbia, hakupunguza wala hakuongeza. Ohio State 49, Clemson 28. Olave aliondoka chuoni na miguso 35 ya kupokea, rekodi ya Ohio State wakati huo. Nilimuuliza mwenye nyumba kama huyu ndiye mutoto wake mvivu. Akasema alijirekebisha. Huyo ndiye rafiki yangu, hashindwi.

Hoja yake mpya ni pesa, na hapo nakiri ana kitu. Zamani ungeweza kusema waacheni, ni wanafunzi. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kuvuna kwa majina na sura zao kwenye matangazo, na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwagawia wanamichezo mapato, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Anayelipwa aulizwe kazi yake. Sina ubishi. Ninachotaka ni kwamba aulizwe kazi yake kweli, isiwe mchezo mmoja uliorudiwa mara nane na mishale ya rangi.

Labda naliona hivi kwa sababu ya mahali ninapofanya kazi. Ni bohari, zamu ya usiku, na mkononi nina kifaa kinachohesabu maboksi niliyoyapitisha. Usiku mmoja nilisaidia kushusha mzigo uliokuwa umemlalia mwenzangu, dakika ishirini nzima. Kifaa kiliandika kwamba kwa dakika ishirini sikufanya kitu. Msimamizi akaja na karatasi yake: umepunguza kasi. Nilimweleza, akaitikia kwa kichwa, karatasi haikubadilika. Sasa Jumamosi nikimsikia mtu anasema "hakukimbia" huku hajamwona tangu mpira ulipoanzishwa, nasikia sauti ya ile karatasi.

Na lipo jambo jingine ambalo wageni wa huku tunachelewa kulishika. Neno mvivu, likimwendea kijana mweusi wa Marekani, halifiki peke yake. Limebebwa na watu wengine, kwa makusudi mengine, kwa miaka mingi sana. Sisi tunalitupa kwa utani wa kijiweni, kama tunavyomtupia winga wa Simba au Yanga. Mzee mmoja mweusi wa hapa, mwenzangu wa zamu, aliwahi kuniambia jina lolote naweza kumpa mchezaji, mzembe wa mikono, mbovu wa akili ya mpira, lakini hilo moja niliache. Nimeliacha. Kwa rafiki yangu bado nafanya kazi.

Tena sisi mashabiki hatujui hata tunachotaka. Tarehe 30 Novemba 2024 Ohio State walifungwa na Michigan nyumbani, 13-10, na kilio cha mji mzima kilikuwa kinyume: mbona hawarushi mbali? Wana wapokeaji wa ajabu, wanang'ang'ania kubeba mpira katikati kama wanasukuma ukuta! Wiki mbili kabla, mtu huyohuyo alikuwa analaani kila pasi ndefu iliyoanguka. Pasi ndefu huanguka. Hata wakubwa wa kazi hii hukosa nyingi, kwa sababu ni mtu mmoja anarusha mahali ambapo mwingine hajafika, katikati ya watu wanaolipwa kuwazuia wote wawili.

Kisha ikaja Jumatatu ya tarehe 20 Januari 2025, fainali, Atlanta, dhidi ya Notre Dame. Ohio State walikuwa wameongoza 31-7, na sasa imekuwa 31-23, sebule nzima imeshika vichwa. Jaribio la tatu, zimebaki yadi 11. Kila mtu alitarajia wabebe mpira, muda uishe. Will Howard akarudi nyuma, akauachia kwa Jeremiah Smith, mtoto wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa na beki mmoja tu ubavuni. Mpira ulikaa juu muda mrefu kiasi kwamba nilisikia jokofu likiunguruma jikoni. Yadi 56, hesabu ileile ya Olave. Mikononi.

Chupa ya chai iliruka. Watoto waliamka. Mwenye nyumba alinikumbatia hadi miwani yangu ikapinda, akawa anapiga kelele, "Umeona? Umeona anavyokimbia?"

Tulipotulia, naye anafuta zulia kwa taulo, nikamuuliza kwa uchokozi: yule mpokeaji wa upande wa pili, naye alikimbia hadi mwisho?

Akanitazama. "Wewe ulimuona?"

Sikumwona.